Homa ya Wifi

Wifi yangu alifariki siku ya Alhamisi, saa tatu na robo asubuhi, nikiwa nje ya wodi nasuuza kikombe chake. Alikuwa amekunywa chai nusu. Niliporudi nilikuta pazia limevutwa kuzunguka kitanda, na chini ya pazia nikaona viatu vya watu wanne, vyote vikienda huku na huku. Viwili vilikuwa vya Sista, muuguzi mkuu wa wodi. Nilivijua kwa kisigino kilicholika upande mmoja. Baada ya muda viatu vyote vikasimama. Hapo nikajua, kabla hajatoka mtu kuniambia.

Ni miezi miwili sasa. Naandika kwa sababu nimeanza kuchanganya siku, ipi ilitangulia na ipi ilifuata, na katika habari hii siku ndizo zenye maana.

Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu. Kazi yake ilikuwa ususi, na saluni yake ya viti viwili ilikuwa mtaa wa pili kutoka kwetu. Aliwahi kuolewa, wakaachana, hakujaliwa mtoto. Miaka kumi na moja ya ndoa yangu hatukuwa tumeivana. Alisema napika kama mtu anayeadhibu watu, na kwamba mdogo wake alikuwa na mashavu kabla hajanioa. Mimi si mtu wa kujibu, na hilo lilimkera kuliko matusi.

"Mtu asiyejibu ni wa kuogopwa," aliwaambia wateja wake, nami nimekaa pale pale nasubiri kusukwa. "Mnamwona huyu? Yuko kimya hivi, lakini kichwani ananitukana."

Kusema kweli, mara nyingine nilikuwa namtukana.

Kisha akaanza kuishiwa pumzi. Kwanza akaweka kigoda mlangoni pa saluni, akisema anapunga upepo. Baadaye akawa anasuka ameketi, mteja naye anakaa sakafuni. Miguu ikavimba. Daktari alituambia vali moja ya moyo imekakamaa tangu utotoni, kwa homa za koo zilizokuwa zikimrudia na kumvimbisha viungo. Alieleza kwamba vali ni kama mlango wa kusukuma, na huu wa wifi ulikuwa haufunguki vizuri wala haufungi. Ilibidi utolewe, awekewe wa chuma.

Mume wangu ni dereva wa lori, safari zake ni za wiki mbili au tatu. Mama mkwe magoti yamemchoka. Nikabaki mimi. Hospitali yenye kufanya upasuaji ule iko mwendo wa saa sita kwa basi, na njia nzima wifi alitazama dirishani. Tulipokaribia kufika akasema, "Kwa hiyo Mungu ameona anikabidhi kwako."

"Ndivyo alivyoona."

"Haya. Ana siri zake."

Tulikaa siku ishirini na tatu. Siku ya tatu baada ya kupasuliwa walimrudisha wodini akiwa na mirija miwili ubavuni inayotoa maji mekundu kwenye chupa, na mshono kuanzia chini ya shingo hadi juu ya tumbo. Mfupa wa kifua ulikuwa umefungwa kwa waya. Asingeruhusiwa kuinua mikono juu ya mabega kwa miezi mitatu, wala kubeba hata birika lililojaa. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumgeuza, kumtembeza ukumbini hatua ishirini, kesho yake thelathini, na kumfanya akohoe. Hilo la kukohoa lilikuwa vita. Mgonjwa anakumbatia mto kifuani, wewe unaukandamiza kwa mbele ili mshono usivutike, ndipo anakohoa.

"Kohoa, wifi."

"Kohoa wewe. Mimi nimepasuliwa."

"Sista amesema usipokohoa mapafu yatajaa."

"Sista naye hajapasuliwa."

"Shika mto."

"Miaka yote nimekusema," akasema, akiukumbatia, "leo ndiyo umepata nafasi ya kunikaba kwa mto mbele za watu."

Wodi nzima ilicheka. Kwenye kitanda cha tatu alilala mwalimu wa chekechea aliyebadilishiwa vali mbili, na kucheka kulimuumiza. "Dada, tafadhali," akasema ameshika kifua, "nionee huruma. Waya zangu bado changa."

Sista alinipenda mapema, na sababu yake ni vidonge. Mwenye vali ya chuma humeza maisha yake yote dawa ya kuzuia damu isigande kwenye chuma. Ikizidi, mtu anavuja damu, ikipungua, inaganda. Wagonjwa wengi pale walipewa kidonge kizima siku moja na nusu siku inayofuata, na wodini walifundishwa njia nyepesi ya kukumbuka: tarehe moja, tatu, tano, kizima, tarehe mbili, nne, sita, nusu. Nilikaa na kalenda nikaona kitu. Mwezi ukiwa na siku thelathini na moja, tarehe thelathini na moja ni kizima, na kesho yake tarehe moja ni kizima tena. Nilimwonyesha Sista. Alitazama kalenda, akanitazama mimi.

"Umesoma wapi?"

"Kidato cha nne tu, Sista."

"Miaka sita tunafundisha hivi," akasema. Siku ile ile akaniita mbele ya wauguzaji wengine, ndugu waliokuja na wagonjwa wao, niwaeleze waache kufuata tarehe, watazame walichotoa jana, na kuandika kila wanachotoa. Wifi alisikiliza akiwa kitandani. Tangu siku hiyo akaniita Daktari wa Jikoni. Alianza kwa kejeli. Baada ya wiki nikaona analitumia hivi hivi tu, kama jina.

Naandika haya kwa sababu yalinipa kichwa. Nilisifiwa, nikaamini.

Siku ya kuruhusiwa Sista alitukalisha kwenye benchi. Alirudia mambo ya vidonge, ya meno, ya kutobeba mizigo. Kisha akanishika mkono, si wifi, mimi.

"Homa," akasema. "Sikiliza. Mwenye vali akipata homa, homa hiyo si ya duka la dawa. Si ya majirani. Ni yangu. Usimpe kitu cha kuua vijidudu kabla hatujamtoa damu. Mniletee homa ikiwa mbichi, haijaguswa. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Hata kama ni saa sita za basi?"

"Hata kama."

Aliishi kwetu chumba cha nyuma. Miezi ile mitatu ndiyo ninayoikumbuka bila kujilazimisha. Kwa kuwa hakuweza kuinua mikono, na wateja walikuwa wanahamia kwingine, akaamua mimi ndiye nitakuwa mikono yake. Kila mchana tulikwenda saluni. Yeye alikaa kwenye kiti cha pili, mimi nikisuka.

"Vuta. Vuta bwana, hizo ni nywele, si mayai."

"Nitamuumiza."

"Ameshaumia, amekuja kusukwa na wewe." Kisha kwa mteja: "Mama, vumilia. Ukifika nyumbani waambie ni mtindo mpya."

Nikajifunza. Mistari yangu ilianza kunyooka. Saluni ikiwa kimya, mlio wa vali yake ulisikika, tik, tik, na wateja wageni walitazama ukutani kutafuta saa. Yeye aliwaambia, "Muda wako unahesabiwa, lipa mapema." Damu yake ilipimwa kila mwezi katika zahanati ya jirani, na kila mwezi ilikuwa pale inapotakiwa. Mwezi wa nne akarudi kwake na kuanza kusuka mwenyewe, lakini jioni alikula kwetu. Alikula chakula changu akanyamaza, na kwa wifi yangu huo ulikuwa ni wimbo wa sifa.

Homa ilikuja mwezi wa tano, siku ya Ijumaa. Niliikuta mimi, nilipomgusa mkono nikimpa sahani. Kipimajoto kikasema thelathini na nane na nusu.

"Ni uchovu," akasema. "Jana nimesuka vichwa vitano."

"Tunakwenda hospitali."

"Kwenda wapi? Kesho Jumamosi. Tutakuta mlinzi na paka. Tutakwenda Jumatatu."

Ilikuwa kweli kliniki ya moyo ilikuwa Jumatatu. Pia ilikuwa kweli kwamba wodi haifungwi, na Sista hakusema nimletee homa siku za kazi. Usiku ule alilala kwetu, akatetemeka mpaka kitanda kikasikika. Asubuhi alikuwa amechoka hivi kwamba nikawaza, mtu huyu hatafika, saa sita kwenye basi akiwa hivi. Kabatini kulikuwa na vidonge vya kuua vijidudu. Mume wangu alikatwa na bati mguuni mwaka uliopita, akapona, akaacha kumi na viwili. Nilisoma tarehe ya kuisha. Nilisoma kipimo. Nikajiambia kwamba simtibu, namshushia tu apate nguvu ya kusafiri. Nilikuwa na daftari langu la dawa mezani, limepangwa vizuri, na mtu mwenye daftari kama lile hujiona anajua anachofanya.

Nilimpa kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Sikukiandika hata kimoja kwenye daftari. Kwa hiyo nilijua.

Jumapili homa ilishuka. Jumatatu hakuwa nayo kabisa, akaniomba chakula kabla sijamuuliza.

"Si nilikwambia ni uchovu?"

"Twende tu wakuone."

"Wataona nini? Nitawaambia nimekuja kuwasalimu? Daktari wa Jikoni, umetibu. Achana na mambo ya watu."

Nikaachana nayo. Nikamalizia kumpa vile vilivyobaki, vitatu kwa siku, mpaka Jumanne jioni vikaisha. Wiki moja baadaye, Jumatano, homa ikarudi, na safari hii ilikuja na maumivu ya viungo na vidoti vyekundu chini ya kucha. Alhamisi alfajiri tulikuwa kwenye basi. Alinilalia begani njia nzima, na safari hii hakutazama dirishani.

Daktari aliyempokea alikuwa kijana, mpole. Alisikiliza kifua muda mrefu. Sista alisimama nyuma yake na faili.

"Homa imeanza lini?"

"Jana," akasema wifi.

"Kabla ya hapo?"

"Kama wiki mbili nyuma ilikuja, ikaondoka yenyewe."

"Umemeza dawa yoyote? Hata moja, ya dukani, ya jirani?"

Nilifungua mdomo. Wifi alikuwa ameshika kidole changu chini ya shuka, akakibana.

"Hapana," akasema. "Sijameza kitu. Muulize Sista, huyu wifi yangu ndiye anayenishikia dawa. Angekubali?"

Sista alinitazama akatabasamu. "Huyu? Huyu hawezi."

Nikafunga mdomo. Hicho ndicho nilichofanya. Si cha wifi, ni changu.

Walitoa damu mara tatu, mikono yote, wakaipeleka maabara. Walimwanzishia dawa za mshipa za kuanzia, wakingoja maabara iwaambie ni mdudu gani hasa. Ijumaa hakuna kilichoota. Jumamosi hakuna. Daktari kijana alisimama mbele ya kitanda akikuna shingo na kusema labda si vali, labda ni kitu kingine. Wakampima malaria, mkojo, mapafu. Jumapili mchana nilimwogesha wifi. Mshono wake ulikuwa umepona vizuri, mstari mwembamba ulionyooka. Nilimuuliza kwa sauti ya chini kwa nini alisema hapana.

Aliinama nimsugue mgongo.

"Yule Sista anakusifia kwa wagonjwa wapya," akasema. "Nimemsikia. Anawaambia kulikuwa na dada mmoja hapa aliyegundua makosa ya kalenda. Ungeonekanaje?"

"Wifi, hilo si kitu."

"Nimekusema vibaya miaka kumi na moja. Acha mara moja nikuseme vizuri."

"Nitawaambia."

"Umeniacha mgongo wa upande huu," akasema. "Una sabuni mkononi unalia nini?"

Nilimalizia kumwogesha. Nikamvalisha. Kisha nikaenda chumba cha wauguzi, nikasimama mlangoni mpaka Sista alipoinua kichwa, nikamwambia. Nilitaja jina la dawa, idadi, na siku. Hakunikaripia. Aliondoa miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena, akainua simu kumwita daktari mkubwa, siku ya Jumapili.

Daktari mkubwa alinieleza akiwa amesimama ukumbini. Wadudu wa damu hutafutwa kwa kuoteshwa maabara. Dawa ikiwagusa kidogo hawaoti, lakini pia hawafi. Hujificha pale chuma kinapokutana na nyama. Siku zile tatu walikuwa wametafuta kitu ambacho mimi nilikuwa nimekifukia. Jioni hiyo hiyo walibadilisha dawa zote za mshipa. Jumatatu kipimo cha picha kilionyesha vali imelegea upande mmoja, kingo zimeliwa. Ilibidi apasuliwe tena. Walipanga Jumatatu inayofuata, wakitaka dawa imtulize kwanza.

Nilimuuliza ingekuwaje kama ningemleta siku ile ya kwanza.

"Siwezi kukuambia angepona," akasema. "Wala siwezi kukuambia asingepona."

Nimeyageuza maneno hayo kila upande. Hayana upande laini.

Mume wangu alikuwa njiani na lori. Nilimpigia Jumatatu ile, nikamwambia dada yake atapasuliwa tena, aje. Sikumwambia zaidi. Siku za mwisho wifi aliongea kidogo, na mengi yalikuwa ya saluni: nani hajachukua nywele zake za bandia, mteja gani asisukwe kwa kubana maana kichwa chake kinamuuma. Jumatano alinitazama nikimrekebishia mto.

"Umenyoosha mikono siku hizi," akasema. "Mistari yako haina aibu."

Alhamisi akanywa chai nusu. Mume wangu alifika saa nane mchana, mavumbi ya njiani yakiwa bado kwenye nyusi.

Tulipomaliza mazishi, watu wakatawanyika, nilikaa wiki tatu nikipika na kufua. Mama mkwe alinishukuru mbele za watu. Alisema mwanawe wa kumzaa asingemuuguza binti yake kama nilivyomuuguza mimi. Nilisikiliza maneno hayo nimeshika trei ya vikombe. Wakati ule ndipo nilipojua kwamba nisipomwambia mume wangu, nitaishi juu ya uongo alioniachia dada yake, na yeye atakuwa ananipenda kwa uongo huo.

Nilimwambia siku ya Jumamosi mchana, mezani, baada ya kula. Nilimweleza siku kwa siku kama nilivyoandika hapa: Ijumaa, Jumamosi, vidonge vyake vya mguu, swali la daktari, kidole changu chini ya shuka. Hakunikatisha. Alikuwa anazungusha kizibo cha chupa ya maji mezani kwa kidole kimoja.

"Vilikuwa vyangu," akasema.

"Vilikuwa vyako. Nilivitoa mimi."

"Na yeye alijua?"

"Alijua ni dawa ya vijidudu. Sikumficha."

"Alijua Sista alikataza?"

"Tulikuwa wote kwenye benchi."

Nje majirani walikuwa wanapiga zulia. Mwishowe akauliza, "Mama anajua?"

"Hajui."

"Asijue." Akainuka, akachukua sahani yake akaiosha mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda kulala chumba cha nyuma. Alilala huko siku nne. Siku ya tano alirudi chumbani kwetu, akalala, akageukia ukutani. Hatujalizungumza tena. Anakula ninachopika. Ananiita kwa sauti ile ile. Wiki iliyopita aliomba kampuni imwondoe kwenye safari za mbali, sasa anaendesha za mjini, anarudi kila jioni.

Saluni nimeifungua tena. Wateja wengine wamerudi, na wanataka nisuke kama yeye.

Ijumaa hii mama mkwe anahamia kwetu, maana hana tena wa kumwangalia kule. Atalala chumba cha nyuma. Ana vidonge vya presha, vya sukari na vya magoti, asubuhi na jioni. Mume wangu amenunua sanduku dogo lenye vyumba vya siku saba, amelijaza mwenyewe, na amesema yeye ndiye atakayempa. Mimi nitapika.